Jinsi ya kujijenga kuwa kiungo ukianzia nyumbani: njia ya Chieffy Caligdong wa Ufilipino, kwa kijana wa Uganda

Wadogo zangu, kila wiki mnaniuliza swali lilelile, kocha nifanyeje nitoke, na huko kutoka mnakosema ni Ulaya moja kwa moja, kutoka kiwanja cha murram, udongo mwekundu mgumu, hapa Bombo, mji wetu wa kambi ya jeshi, mpaka Uingereza bila kusimama popote katikati. Leo nawapa njia nyingine. Mfano wangu sio Messi, ni mtu ambaye wengi wenu hamjawahi hata kumsikia, anaitwa Emelio Caligdong, kwao wanamwita Chieffy, kiungo wa pembeni anayetumia kushoto, Mfilipino, na alikuwa mwanajeshi wa jeshi la anga la nchi yake huku akichezea timu ya taifa. Mimi nimekulia kota za jeshi, baba yangu alivaa magwanda, kwa hiyo nilipomjua huyu jamaa nilikaa nikamfuatilia kama mtu anayefuatilia habari za kaka yake.

Kwanza mwelewe alikotoka maana bila hapo hamtaona nataka kuwaambia nini. Ufilipino ni nchi ya basketboli, mtoto wa kule anakua akitupa mpira kwenye ringi, soka ilikuwa mchezo wa watu wachache na serikali wala matajiri hawakuwa na habari nao sana. Ila kuna mji mdogo unaitwa Barotac Nuevo, mkoa wa Iloilo, wenyewe wanauita mji mkuu wa soka wa Ufilipino, na Chieffy alizaliwa huko mwaka 1982. Mkoa huohuo wa Iloilo ndio alikozaliwa Paulino Alcántara mwaka 1896, yule aliyechezea Barcelona akiwa na miaka 15 tu, halafu baadaye akawa daktari. Kwa hiyo mpira ulikuwepo kwenye damu ya ule mkoa miaka mingi, kilichokosekana ni pesa, viwanja na njia ya kijana maskini kula kwa mguu wake.

Njia ikapatikana jeshini. Kule Ufilipino jeshi la nchi kavu, la majini na la anga yote yalikuwa na timu za mpira, na timu ya jeshi la anga ilikuwa moto, ilichukua ubingwa wa UFL, yaani United Football League ya kule kwao, mwaka 2010 na tena 2011. Chieffy alikuwa ndani ya hiyo timu. Ana mshahara wa askari, ana pa kulala, ana kiwanja, ana kocha, na mwisho wa mwezi mama yake hasumbuki. Wakati vijana wengi wenye kipaji kama chake waliacha mpira wakatafute kazi, yeye kazi ilikuwa imekuja pamoja na mpira.

Sasa geuza macho utazame hapa kwetu. UPDF FC, timu ya jeshi letu, wanacheza hapahapa Bombo, Police FC ipo, Maroons ya Magereza ipo Luzira. Timu tatu za watu wa sare, na vijana wangu wanazipita kama hawazioni wanaota tu Arsenal. Mlango aliopitia Chieffy sisi tunao mara tatu.

Ngoja nimalizie habari yake kidogo ndio nije kwenye hatua. Timu yao ya taifa walijulikana kama Azkals, jina limetokana na maneno ya kwao ya mbwa wa mtaani, yule asiye na mwenyewe anayejitafutia. Mwezi wa 12 mwaka 2010 hao mbwa wa mtaani wakaenda Hanoi wakaifunga Vietnam 2-0, na Vietnam ndio waliokuwa mabingwa wa lile kombe la Asia ya Kusini Mashariki, mbele ya watu wao wenyewe. Bao la kwanza lilifungwa na kiungo, Chris Greatwich. Wakafika nusu fainali na Indonesia, na hapo kuna jambo ambalo Mganda yeyote ataelewa bila kuelezwa: mechi zote mbili zilichezwa Jakarta, hata ile ambayo Ufilipino walikuwa wenyeji, kwa sababu hawakuwa na kiwanja kilichokidhi masharti. Mnakumbuka Machi 2023 Cranes, timu yetu ya taifa, tunacheza na Tanzania halafu eti nyumbani kwetu ni Ismailia, Misri? Basi ni maumivu yaleyale. Walifungwa 1-0, wakafungwa tena 1-0, ila nchi nzima ya basketboli ikawa imeamka.

Februari 2011 wakawaleta Mongolia uwanja wa Panaad, mji wa Bacolod, na bao la kwanza la ile mechi alifunga yule askari wetu, wakashinda 2-0. Julai mwaka huo kwenye kufuzu Kombe la Dunia wakaitwanga Sri Lanka 4-0 pale Manila na wa kwanza kufunga alikuwa yeye tena. Novemba 2012, ana miaka 30, akaifunga Vietnam bao pekee mwishoni mwa mchezo kule Bangkok. Miaka 30! Na nyie mkifika 20 hamjaitwa popote mnasema muda umeisha.

Haya, hatua zenyewe.

Ya kwanza ni mguu wako, na hapa nitakaa sana maana ndipo mnapoharibu. Kiungo hana muda. Beki anaupata mpira anaangalia mbele, straika anaupata anaangalia goli, ila wewe wa katikati unaupata mpira watu wako mbele, nyuma, kushoto na kulia, ukisubiri mpira ufike ndio uangalie umeshaumia. Kwa hiyo unaangalia kabla. Pale nyuma ya stoo ya zamani kuna ukuta, wengi mnaujua, mwaka jana nilikuwa na kijana mmoja wa kushoto mzuri sana, mguu wake wa kushoto unapiga pasi kama anaiweka kwa mkono, ila akipokea mpira shingo imeganda kabisa, anautazama mpira tu kama utamkimbia. Nikamsimamisha mita kumi kutoka ukutani, anapiga, mpira unarudi, mimi nipo nyuma yake nainua vidole. Sheria ni moja, mpira ukiwa njiani kurudi ageuze shingo aniambie ni vidole vingapi, kwa sauti, halafu ndio autulize na ageuke nao. Siku ya kwanza mpira ulimpita mara nyingi, akakasirika, akaupiga teke ukaingia kwa shamba la mihogo akaufuata mwenyewe. Wiki ya pili anataja vidole bila kukosea. Wiki ya nne nikaanza kuinua vidole upande wa pili, akawa anageuza shingo mara mbili, kushoto kulia, mpira bado haujafika. Ndipo nilipoona tayari ana kitu.

Tatizo la pili lilikuwa mguu wa kulia. Nikamwambia vua kiatu cha kushoto, baki na cha kulia tu. Mguu mtupu hautaki kuupiga mpira mgumu kwenye murram, unauma, kwa hiyo mwili wenyewe unautafuta ule wenye kiatu. Dakika ishirini kila jioni. Msidanganyike eti wa kushoto hahitaji kulia, beki akijua una upande mmoja anakufungia huo upande na mechi yako imeisha dakika ya kumi.

Na tafadhali fanyeni haya kwenye kiwanja kibovu hichohicho tulicho nacho, msisubiri nyasi. Mpira unaodunda vibaya unakufundisha kuutuliza kwa paja, kwa kifua, kwa nje ya mguu. Ukizoea murram, siku ukifika Namboole, uwanja wetu wa taifa, utaona mpira unateleza wenyewe.

Ya pili, jua wewe ni kiungo wa aina gani na usibadilishe kila wiki. Kuna mkabaji, kazi yake ni kukaa mbele ya mabeki, kunusa hatari na kutoa pasi fupi isiyopotea. Kuna mchezeshaji. Kuna wa pembeni kama Chieffy, anayekimbia na laini halafu anaingia ndani kupiga. Mkaangalie Khalid Aucho, mtoto wa Jinja, mkabaji. Haruki ruki, hafanyi mbwembwe, anachukua mpira anampa mwenzake, na kwa kazi hiyo inayoonekana ndogo amecheza Gor Mahia Kenya, akaenda Afrika Kusini, Serbia, India, Misri, halafu 2021 Yanga ya Tanzania. Kocha akijua kwamba wewe ni sita, yaani mkabaji, wa kweli anakutafuta, ukiwa wa kila mahali hakuna anayekukumbuka.

Ya tatu, makaratasi. Najua yanachosha ila nimeona vipaji vikioza kwa sababu ya karatasi. Hakikisha klabu yako, hata iwe ndogo vipi, inakusajili kwenye FIFA Connect, mfumo wa kusajili wachezaji, kupitia FUFA, chama chetu cha soka, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, sio leo Mohammed kesho Muhammad. Miaka pia usiikate. Kijana anapunguza miaka mitatu ili acheze mashindano ya watoto, akifika kwenye ndagamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, na pasipoti tarehe zinapigana na hapo mlango unafungwa, hata jeshini hawamchukui. Kitu kingine ambacho wazazi hawajui, sheria za FIFA zinasema klabu zilizomlea mchezaji kuanzia miaka 12 hadi 21 zina haki ya kulipwa fidia ya mafunzo anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa. Kama hukusajiliwa, ile timu ya mtaani iliyokununulia maji na jezi haitapata hata shilingi, na ndio maana nawalazimisha viongozi wetu wa hapa wajaze zile fomu hata kama ni usiku.

Ya nne ndio sare yenyewe. Usiache shule. Wanapotangaza kuandikisha askari kwa kawaida wanataka angalau cheti cha Senior Four, yaani mwaka wa nne wa sekondari, ndagamuntu na barua ya LC1 wako, mwenyekiti wa kijiji, na wana masharti ya umri, kwa hiyo soma tangazo lenyewe usisikilize stori za kijiweni. Kujiunga ni bure. Mtu akikuambia ana mjomba huko juu, mpe laki tano akuingize, huyo ni mwizi, geuka uondoke. Na elewa unachoingia: ni jeshi kweli, au polisi kweli, au magereza kweli, utapitia mafunzo, utakimbia na mzigo, utaamrishwa, na kuna siku kazi itakuja kabla ya mpira. Kama moyo wako hauko tayari kutumikia, usiende kwa sababu ya mpira peke yake, utateseka wewe na utawatesa wenzako. Ila kama uko tayari, fikiria, una mshahara mwezi wa ligi na mwezi ambao hakuna ligi, ukivunjika goti bado wewe ni askari, na ukistaafu mpira na miaka 33 bado una kazi. Wachezaji wangapi wa klabu za kiraia mnawajua wanadai mishahara ya miezi? Mimi nawajua wengi.

Kama sare sio yako, hakuna aibu, kuna njia ya shule. St. Mary's Kitende, Kibuli, Buddo, hizo shule zinachukua vijana kwa mpira wanasoma bila ada au kwa ada kidogo, na mashindano ya shule ndiko makocha wa klabu kubwa wanakokuja kuvua. Kuna Masaza Cup ya Buganda, masaza 18, yaani kaunti za ufalme, uwanja unajaa mpaka watu wanapanda miti, kuna FUFA Drum ya mikoa. Cheza huko. Ukicheza vizuri mechi moja ya Masaza unaonekana na watu wengi kuliko klipu mia ulizoziweka kwa simu.

Kuhusu klipu nayo niseme kidogo tu. Rekodi mechi nzima, sio mabao tu. Kocha anayemtafuta kiungo anataka kuona unafanya nini usipokuwa na mpira.

Sasa maejenti, na hapa naongea nikiwa na donda. Nilikuwa na miaka 19, nacheza namba nane, akaja mtu mmoja na shati safi na simu mbili akasema amenitafutia majaribio Asia, timu inanisubiri, inatakiwa milioni mbili ya viza na hoteli. Mama aliuza cherehani yake na mbuzi wawili, baba akakopa kwa wenzake kambini. Tukapewa barua yenye muhuri. Nikafunga begi. Siku ya safari tulifika Entebbe saa kumi alfajiri, mimi, mama na kaka yangu, tukakaa pale nje mpaka jua likawa kali, simu zake zote mbili zimezimwa. Mama hakusema kitu, alinunua chapati mbili akanipa zote. Mpaka leo nikiona cherehani ya aina ile namkumbuka. Kwa hiyo nawaambieni kama kaka yenu, ejenti wa kweli ana leseni ya FIFA, na orodha yao ipo kwenye mtandao wa FIFA wenyewe, unatafuta jina lake, kama halipo mazungumzo yameisha. Ejenti wa kweli anakula kwa asilimia ya mkataba wako ukishasaini, haombi pesa ya majaribio. Na kama una miaka 16 mtu anakuambia amekupatia klabu nje ya nchi, jua kwamba FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa kwa aliye chini ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu chache sana, kama wazazi kuhamia nchi ile kwa mambo yao yasiyohusu mpira. Wewe mzazi wako yuko hapa Luweero analima, hiyo sababu huna, basi huyo mtu anakuficha kitu.

Halafu kuna hili la kudhani ligi ya nyumbani ni ya walioshindwa. Mtazameni kiungo mwingine wa Ufilipino, Stephan Schröck. Huyu alizaliwa Schweinfurt, Ujerumani, baba Mjerumani mama Mfilipino, mfupi, kama mita 1.70 tu, akakulia Greuther Fürth, akapanda nao daraja 2012, akacheza Hoffenheim, akacheza Eintracht Frankfurt, yaani Bundesliga kabisa. Halafu 2016 akaenda kucheza Ufilipino, Ceres, na wakachukua ubingwa wa ligi 2017, 2018 na 2019. Alipofika Kombe la Asia 2019, mara ya kwanza kabisa kwa Ufilipino kushiriki, walifungwa mechi zote tatu, ila bao pekee walilopata, dhidi ya Kyrgyzstan, alifunga yeye. Mmoja alianzia kota za jeshi, mwingine alianzia Ujerumani, na wote wawili wamevaa jezi moja. Kama mtu wa Bundesliga aliona ligi ya Manila na Bacolod inafaa, wewe ambaye hujacheza hata Big League, daraja la pili hapa kwetu, unaidharau ligi ya Uganda kwa lipi?

Na mkitaka kwenda nje, karibu yenu kuna Tanzania na Kenya. Pale Waganda wanalipwa vizuri, Taddeo Lwanga alikaba katikati ya Simba, Aucho Yanga. Na hapo Kiswahili chetu hiki cha kambini, ambacho wenzenu wa Kampala wanakiogopa, ni mtaji. Kiungo ndiye anayeongea kuliko wote uwanjani, nyuma yako, geuka, muda unao, mwachie. Kama huwezi kuyasema hayo haraka kwa lugha ya wenzako utacheza bubu. Kijana wa Bombo anashuka Dar asubuhi, jioni ameshaelewana na beki wake.

Chakula msinisumbue, hakuna siri. Posho, yaani ugali, na maharage, samaki ukipata, yai, matunda ya msimu, maji mengi. Lala mapema. Mliozoea kukesha mkitazama mechi za Ulaya, ile mechi ya saa tano usiku itafuteni kesho yake.

Asubuhi ya majaribio, popote pale, fika saa nzima kabla. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa, ya ndagamuntu na ya matokeo ya S4, ziweke kwenye mfuko wa plastiki maana mvua ya Bombo haina taarifa. Beba viatu ulivyovizoea, sio vipya ulivyoazima, soksi jozi mbili, chupa ya maji na ndizi mbili. Ukigawiwa upande uliza jina la aliye nyuma yako na la aliye mbele yako kabla filimbi haijapigwa, uyaite hayo majina mechi nzima. Pasi yako ya kwanza iwe rahisi, mita tano, kwa mwenzako, ifike. Ya pili vilevile. Ya tatu ndio utazame mbele. Yule kijana wangu wa ukutani alifanya hivyohivyo mwezi uliopita, nilikuwa nimesimama nyuma ya goli na nilimwona akigeuza shingo mara mbili kabla mpira haujamfika, kushoto, kulia, halafu akageuka nao.